Dukani Nzima, Nyumbani Haionekani

Jengo la vifaa vya umeme lilikuwa na mlango mmoja tu, wa kuingilia na kutokea, na mchana kila mtu alitaka kuutumia kwa wakati mmoja. Wauza vifuniko vya simu walijipanga ukutani, muziki wa duka hili ukagombana na muziki wa duka lile, na wabeba maboksi wakapita wakipiga kelele, "Pisha! Pisha! Mzigo hauna macho!" Katikati ya msukumano huo alisimama kijana mrefu aliyevaa shati jeupe la mikono mirefu, kola yake imedariziwa maua madogo ya buluu. Mkononi alishika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha mahameli. Alikuwa amechagua mahali pabaya kuliko pote, chini ya ngazi kabisa, akawa anatazama juu kama anayengoja jengo limshukie.

Msichana aliyekuwa akishuka na kioo cha kompyuta kifuani alimpiga kikumbo.

"Kaka, hapa ni njia au sebuleni kwenu?"

"Samahani dada. Natafuta fundi wa kompyuta."

"Umempata. Ndiye uliyemzibia njia. Nifuate, na usigeuze shingo kulia wala kushoto, watakuuzia chaja."

Alivaa koti la kazi la kijivu lililompwaya, bisibisi zimejaa mfukoni, kilemba chekundu kimefungwa kwa haraka lakini kikampendeza kuliko vinavyofungwa kwa saa nzima. Walipofika dukani alitua kioo, akanyoosha mkono, akamtoa kijana uzi wa kijani begani.

"Una nyuzi kila mahali. Mshonaji?"

"Mdarizi."

"Kuna tofauti gani?"

"Mshonaji anakuvisha. Mdarizi anafanya watu wageuke wakutazame."

Fundi alicheka, na kijana akaipenda sauti ya kicheko kile papo hapo. Yapo mapenzi yaliyoanza kwa sababu ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo hakuna la kushangaza.

Duka lilikuwa jembamba. Mafundi walikuwa wawili: yeye, na mtu mzima mmoja aliyetengeneza mashine za kuchapisha, ambaye jengo zima lilimwita Printa na ambaye hakuna jambo duniani alilokosa la kusema juu yake. Juu ya kaunta mwenye duka alikuwa amebandika kadibodi yenye maandishi makubwa: LETE KIFAA, ACHA WAYA NYUMBANI. Amri hiyo ilitokana na ugomvi. Wateja walikuwa wakiacha nyaya zao, zinachanganyika, halafu kila mmoja anadai wake ulikuwa mpya. Mwenye duka alichoka kusuluhisha, akanunua waya mmoja mnene mweusi, akautundika kwenye msumari, na tangu hapo kila diski iliyoingia ilipimwa kwa waya huo.

"Haya, mgonjwa anaumwa nini?" Fundi aliuliza huku akifungua mahameli na kutoa diski ya kuhifadhia kazi, ile ya kuchomeka nje ya kompyuta.

"Inapotea. Naweza kufanya kazi asubuhi nzima, mara kompyuta inasema hakuna diski. Nachomoa, nachomeka, inarudi. Siku nyingine hairudi hata niipigie magoti."

"Ndani kuna nini?"

"Michoro ya mama yangu. Yote."

Akaeleza. Mama yake alichora maua na mapambo ya kudarizi maisha yake yote, kwenye karatasi, kwa penseli. Paa lilivuja, karatasi zikalowa zikagandamana. Zile zilizookoka walikaa mama na mwana wakazihamishia kwenye kompyuta, jani kwa jani, mama akisahihisha kila mkunjo. Sasa macho ya mama yalikuwa yamepungua, anamjua mtu akimsogelea uso kwa uso, lakini mstari wa penseli hauoni tena. Kilichokuwa ndani ya diski hakingeweza kuchorwa upya na mtu yeyote.

Fundi aliacha utani. Akauchukua waya mweusi, akachomeka. Diski ikaonekana. Akachomoa, akachomeka tundu jingine. Ikaonekana. Akaipima afya yake, kila kitu sawa. Akaiacha inazunguka huku akimaliza kazi nyingine. Haikupotea hata kidogo.

"Ni nzima kuliko mimi na wewe," alisema. "Lakini mambo ya kupotea potea siyapendi. Tuinakili kwenye nyingine sasa hivi."

"Nitarudi kwa hilo," Mdarizi alisema, akamtazama machoni muda mrefu kidogo kuliko alivyohitaji.

Akarudi. Nyumbani diski ilipotea tena, akaipeleka, dukani ikaonekana. Akaenda nayo nyumbani, ikapotea, akairudisha, ikaonekana. Kila mara Fundi alimwambia wainakili, na kila mara yeye alikuwa na haraka, isipokuwa haraka hiyo haikumzuia kukaa kwenye kiti cha wateja mpaka wateja wengine wakaanza kumwuliza bei za vitu.

"Mapenzi ni kikohozi," Printa alisema bila kuinua kichwa. "Huyu kaka amekuja kukohoa tena."

"Kaka wa watu ana tatizo la diski."

"Tatizo analo. Ila si la diski."

Siku moja Mdarizi alifika amevaa shati jipya la rangi ya udongo, mfukoni amedarizi jani moja tu, ananukia vizuri. Akaweka mahameli juu ya kaunta. Fundi alipotaka kuichomeka, akaifunika kwa kiganja.

"Usijisumbue. Leo haijapotea. Hata sijaichomeka."

"Sasa umeileta ya nini?"

"Ningekujaje mikono mitupu?"

Fundi aliurudisha waya msumarini. "Kwa hiyo muda wote huu…"

"Hapana, zile siku nyingine kweli. Leo tu ndiyo nimekudanganya."

"Kweli kabisa?"

"Kweli kabisa. Ila na kuinakili nilikataa makusudi. Sikutaka kesi iishe."

Alikuwa anasema kweli tupu, na hapo ndipo alipojichimbia shimo. Mtu akikiri uongo mmoja kwa mapenzi, anayempenda hufurahi akamwongezea na mwingine. Fundi alijipigia hesabu yake: diski haijapotea hata mara moja mbele yake, na mwenyewe amekiri kuja bila sababu. Basi haikupotea kamwe. Kijana wa watu alikuwa amebuni ugonjwa ili amwone daktari. Wazo hilo lilimfurahisha mno hata hakutaka kulichunguza.

Wakawa wapenzi. Jioni walitembea mpaka kwenye bustani ya maktaba, yeye amevua koti la kazi, amevaa gauni la njano, Mdarizi akimweleza ni mshono gani unamfaa. Fundi alimwita kijana Bwana Uzi, naye aliitwa Fundi wangu, na simu zao hazikuwa na mwisho.

"Umefika nyumbani, Bwana Uzi?"

"Nimefika. Diski imepotea tena, laazizi."

"Ipe pole. Mwambie mwenye diski nimemmisi pia."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli."

Mdarizi alicheka, maana ni vigumu kukasirika na sauti unayoipenda. Alichomoa waya, akachomeka, akapuliza, akachomeka tena, na diski ilipoonekana akaendelea na kazi. Jambo likapita, kesho yake likarudi, na alipolitaja likageuzwa mzaha. Mwisho akawa halitaji.

Kisha kwaya moja kubwa ikampa kazi ya majoho. Yalikuwa mengi, yanatakiwa Jumapili, na kiongozi wao alichagua mwenyewe mchoro wa kola: matawi yanayokutana shingoni, kazi ya mwisho ambayo mama aliichora macho yake yakiwa na nguvu. Asubuhi ya siku ya kuanza, Mdarizi aliwasha mashine, akaweka joho la kwanza, na diski ikapotea. Mpaka mchana haikuwa imerudi. Akaiweka simu mezani na sauti ya juu kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa nyuma ya kompyuta, akampigia.

Dukani kulikuwa na wateja, na Printa alikuwa amewachangamsha. Fundi aliona jina kwenye simu, akatabasamu, akaifungulia sauti ili nao wasikie. Alifanya hivyo kwa kujivuna. Alitaka watu wajue anapendwa namna gani.

"Fundi wangu, imepotea."

"Maskini! Imepotea tangu lini, tangu tulipoachana jana?"

"Leo sitanii. Nina majoho ya kwaya na mchoro umo humo. Imekataa tangu asubuhi."

"Ongea kwa nguvu, Printa anataka kusikia dalili."

"Mpe dawa, dada!" Printa alipaza sauti. "Matembezi kutwa mara tatu!"

Duka lilivunjika mbavu. Hata Fundi alicheka, kile kicheko chake kizuri.

"Umenifungulia watu wanisikilize?"

"Utani tu jamani, mpenzi…"

"Mama amekaa hapa ubavuni kwangu. Amesikia mnavyomcheka."

Simu ikakatika. Fundi akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena jioni, ikaita mpaka ikachoka. Alijiambia kwamba kesho atamwona na mahameli yake pale ngazini. Kesho hakumwona, na keshokutwa hakumwona.

Printa, ambaye alikuwa na neno kwa kila jambo, alisema, "Njia ya mwongo fupi. Amechoka kuigiza." Fundi alimwambia anyamaze, kwa ukali ambao haukuwa kawaida yake. Ilikuwa imeanza kumwingia kwamba sauti ile haikuwa ya mtu anayeigiza.

Mdarizi alikuwa ameipeleka diski kwa fundi mwingine ng'ambo ya mji. Huyo hakuwa na kadibodi yoyote ukutani, kwa hiyo alikwenda na kila kitu chake. Fundi yule alichomeka, diski ikaonekana, ikapotea, ikaonekana, ikapotea kabisa.

"Hii inakufa," alisema. "Dawa yake ni kuifuta yote, tuianze upya."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo vitakwenda. Ila diski utakuwa nayo."

Mdarizi aliomba afikiri mpaka kesho yake. Alirudi nyumbani akaketi mbele ya mashine bila kuiwasha. Hakumwambia mama neno la kufuta, lakini mama alimsikia akimwambia kiongozi wa kwaya kwamba diski itafutwa kesho, na huenda ikabidi watafute kola nyingine, na mtoto uliyemlea huna haja ya kumwona uso ili ujue kuwa analia. Kijana alipotoka kwenda kununua nyuzi, mama alipapasa meza mpaka akaipata simu aliyoiacha. Jirani aliyepita dirishani akamtafutia jina.

"Wewe ndiye binti wa kompyuta?"

"Ndiyo mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu. Sikukupigia nikugombeze. Nataka kujua jambo moja. Huyu kijana anasema diski inapotea, nawe unasema anajipendekeza. Mimi macho yamekwisha lakini masikio ninayo. Ikipotea, kompyuta inalia mlio fulani hivi, ting-tung, kama mtu anashuka ngazi. Naisikia kila siku. Je, kuna mtu anaweza kuuigiza mlio huo?"

Mlio ule Fundi aliujua. Ni sauti ya kompyuta ikikitupa kifaa.

"Hakuna, mama."

"Basi. Kesho wanaifuta."

Fundi alivua koti. Aliuchukua waya mweusi kwenye msumari, akachukua na diski mpya kabatini, akamwambia mwenye duka aikate kwenye mshahara wake. Printa alifungua kinywa, akaangaliwa, akakifunga.

Hakuwahi kufika kwa kina Mdarizi; alifuata maelekezo ya mama. Alikuta chumba cha mbele kilichojaa majoho ya zambarau yametundikwa kwenye kamba, kola tupu, na mashine kubwa ya kudarizi iliyokalia meza ileile ya kompyuta. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, miguu peku, amevaa gauni la mikono mipana lililodariziwa mpaka kwenye pindo. Mdarizi alikuwa mlangoni. Hakumpisha.

"Umekuja na wale wenzako?"

"Nimekuja peke yangu kusema nimekosa. Ulikuja na shida, nikaichezea mbele za watu."

"Ungenicheka mimi ningevumilia. Umecheka kazi ya mama."

"Najua. Naona aibu, na sijui la kuongeza. Ukitaka niondoke nitaondoka, ila kwanza nionyeshe inavyopotea."

"Nimekuonyesha mara ngapi?"

"Hukuwahi kunionyesha. Ulikuwa unaniambia, na mimi sikukuamini."

Mdarizi akasogea kando. Hakusamehe, alisogea tu.

Fundi alikaa kwenye kompyuta, akamwambia achomeke kama anavyochomeka siku zote, kwa waya wake. Diski ikaonekana. Wakangoja. Haikuenda popote.

"Si unaona?" Mdarizi alisema kwa uchungu. "Ukiwepo wewe inajifanya nzima."

"Leo tutakesha nayo. Washa mashine."

"Sina cha kudarizi."

"Darizi chochote."

Mashine ikaanza, sindano ikapiga haraka, meza ikatetemeka. Taa ya diski ikazimika. Kompyuta ikalia ting-tung.

"Hiyo hiyo!" mama alisema kutoka dirishani.

Fundi hakugusa diski. Aliukunja waya kwa vidole pale unapoingia kwenye plagi, na taa ikawaka. Akaachia, ikazimika. Akakunja, ikawaka. Akarudia hivyo muda mrefu, zaidi ya alivyohitaji, kwa sababu aliogopa kugeuka.

"Waya huu ni wa tangu lini?"

"Ulikuja na diski."

"Uliwahi kuuleta dukani?"

"Mmeandika ukutani niuache nyumbani."

Akachomoa, akachomeka waya mweusi. Mashine iliendelea kutikisa meza, mkasi uliokuwa pembeni ukatambaa mpaka ukaanguka, na diski haikutoka. Michoro yote ilikuwa pale kwenye kioo, maua na matawi, safu kwa safu.

"Umekatika kwa ndani," Fundi alisema. "Kila ulipokuja, nilikuwa namtibu mzima na mgonjwa umemwacha nyumbani. Amri ya duka letu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema, akaanza kucheka polepole. Mwanawe hakucheka. Aliketi kwenye bunda la vitambaa, akajishika kichwa. Alikuwa amekaribia kulipa mtu amfutie maisha ya mama yake, kwa sababu ya waya.

Fundi aliunganisha ile diski mpya, akaanza kunakili. Kazi hiyo haiharakishwi, mstari unajaa kidogo kidogo, na watu wawili waliogombana hawana budi kukaa wakiutazama.

"Ulisema kweli muda wote," alisema.

"Isipokuwa mara moja."

"Na hiyo moja ndiyo niliyoiamini."

Mdarizi alitazama majoho. "Unajua kilichoniuma? Si kicheko. Niliona kwamba nikiwa na shida kweli, sina wa kumwambia. Na naogopa. Mama akiondoka, nitabaki na mashine hii na michoro yake, nikiongea na kompyuta."

Kwa kawaida hapo Fundi angetupa neno la utani, na utani ulimfikia kweli mpaka kwenye ulimi. Akaumeza. Alimwona huyu kijana jinsi alivyo, na alihisi anampenda kiasi cha kuumwa.

"Hutabaki," alisema. "Tuma watu kwa shangazi yangu."

"Unatania."

"Sitanii."

"Siku zote hizi sijapokea simu yako, leo unaniambia nikupose?"

"Huna haja ya kuniona moyoni. Niamini tu, kama mimi nilivyotakiwa kukuamini."

Mdarizi alimtazama, akatazama chini, akatazama tena. Uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya simu.

"Nitamtuma nani?" alisema. "Mimi sina baba, sina mjomba. Nina mama tu."

"Naye anasikia kila neno," mama alisema, "na bado hajaondoka, asanteni sana. Nileteeni viatu vyangu."

"Viatu vya nini, mama?"

"Naenda kwa huyo shangazi."

"Sasa hivi? Mama, hata kola moja hatujadarizi. Kuna Jumapili nyingine, tutakwenda taratibu…"

Mama alikuwa amekwisha kusimama, mkono mmoja ukutani. Alijongea mpaka kwa Fundi, akamshika mashavu, akamvuta karibu kabisa na macho yake, akamkagua uso wote, nyusi, pua, kidevu, bila haraka.

"Wewe endelea kudarizi," alimwambia mwanawe. "Watu wa kwetu nataka niwaone ningali naona."

Mdarizi akapiga magoti chini ya meza, akaanza kutafuta viatu.